Nyumba Ina Deni: Filamu ya mizuka ya waliozama, na walivyoipokea watu wa Kisian

Watu wa pwani tuna desturi ndefu ya kutazama filamu za mizuka, na desturi hiyo tumeipata kwa Wahindi zaidi kuliko kwa Wazungu. Waliotutangulia waliijua Mahal ya mwaka 1949, kisha Bees Saal Baad ya 1962 na Woh Kaun Thi? ya 1964, ile ya mwanamke wa mavazi meupe anayetokea usiku wa mvua. Sisi wa rika la kanda za vidio tulionjeshwa Purana Mandir ya 1984 na Veerana ya 1988, tukawa hatwendi msalani usiku ila wawili wawili. Lakini zile za kale zaidi zilikuwa na tabia moja: mwishoni mzuka hudhihirika kuwa si mzuka. Huwa ni pacha aliyefichwa, au binti wa mtunza bustani, au mtu mwenye kisasi chake cha zamani. Aliyelipa tikiti alirudi nyumbani moyo umetulia, kwani kila jambo lilikwisha kuelezwa.

Filamu ninayotaka kuizungumza leo haimtulizi mtu hivyo. Inaitwa His House, yaani "Nyumba Yake". Mtunzi na mwongozaji wake ni Remi Weekes wa Uingereza. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance huko Marekani, Januari 2020, na Oktoba ya mwaka huo ikaenea ulimwenguni kupitia Netflix. Mwaka 2021 Weekes akapewa kwa ajili yake tuzo ya BAFTA wanayotunukiwa Waingereza kwa kazi yao ya kwanza. Kilichonirudisha kwake sasa ni mwigizaji wake wa kike, Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Zaria, Nigeria, ambaye mwaka 2025 alitokea tena katika filamu nyingine ya kutisha, Sinners ya Ryan Coogler. Katika filamu zote mbili yeye ni mwanamke aliyepotewa na mtoto, na ndiye anayekitambua kitu kilichobisha mlangoni kabla ya wanaume kukitambua.

Kisa chenyewe ni hiki. Bol na mkewe Rial ni Wadinka wa Sudan Kusini waliokimbia vita. Wamepita nchi kavu, wakapanda mashua iliyojaa watu kupita kiasi, na mashua ikapinduka baharini usiku. Katika waliozama ni msichana mdogo, Nyagak, waliyekuwa naye. Baada ya kuzuiliwa miezi kadhaa, serikali ya Uingereza inawapa nyumba ya kukaa huku maombi yao ya hifadhi yakitazamwa. Nyumba ni kubwa lakini chakavu: karatasi za ukutani zimebambuka, taa hufanya kazi zikitaka, na uchafu umerundikana mlangoni. Wanapewa masharti. Wasifanye kazi. Wasihame. Wasilete wageni. Wasiwashe hata mishumaa. Wakivunja sharti, watarudishwa walikotoka.

Haupiti muda, Bol anasikia minong'ono ndani ya kuta. Kisha anamwona Nyagak.

Hapo ndipo filamu nyingi za Kizungu zinaponichosha. Mzungu anaishi katika nyumba yenye pepo, watoto wake wanaona mambo, mbwa anabweka, na bado hahami. Mtazamaji hujiuliza: ana nini huyu? Weekes amelijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Bol na Rial hawahami kwa sababu hawaruhusiwi kuhama. Bol anapokwenda ofisini kuomba nyumba nyingine, anaambiwa kuwa hiyo aliyo nayo ni kubwa kuliko ya karani anayemhudumia. Akisema ukweli, kwamba nyumba ina kitu, ataonekana mwenda wazimu, na mwenda wazimu hupoteza hifadhi. Basi ananyamaza, anajifunza kutumia uma, ananunua nguo za kizungu, anakwenda kuimba nyimbo za mpira na walevi, na usiku anavunja kuta kwa nyundo.

Hebu linganisha na jambo lililotokea kwetu. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoingia Pemba kisha Unguja, watu walifanya nini? Walitoka. Ilisemwa kwamba humvamia mtu aliyelala ndani, basi watu wakatandika mikeka nje, wanaume kwa wanawake na watoto, wakakesha pamoja wakizungumza na kusoma. Sisemi Popobawa alikuwa nini. Waliokuwako wana maneno yao na madaktari wana yao. Ninalosema ni kwamba hofu ile ilipata dawa ya kwanza, nayo ni jirani. Bol na Rial hawana jirani. Kuna tukio moja la mchana kweupe, jua linawaka, ambapo Rial anatoka kutafuta kituo cha afya akapotea katika vichochoro vya mtaa wao. Kila akikata kona anarudi kwenye ukuta ule ule. Anawaona vijana watatu weusi kama yeye, anafurahi, anawauliza njia. Nao wanamcheka matamshi yake na kumwambia arudi kwao Afrika. Hakuna jini katika tukio hilo wala tone la damu, lakini ni moja katika yanayotisha zaidi katika filamu nzima.

Mara ya kwanza niliitazama peke yangu. Safari hii niliitazama Kisian, kituo kilichoko kama kilomita kumi na mbili magharibi ya Kisumu, pale njia zinapoachana, moja ikipanda kwenda Maseno na Busia, nyingine ikienda Bondo na kuendelea hadi fukweni Usenge. Reli ya kwenda Butere inapita hapo hapo. Mwenyeji wangu ni mtu wa Mombasa aliyehamia huko kwa kazi, akaoa huko na kubaki. Siku za Ijumaa huteremka Kisumu kuswali, kwani mji ule una Waislamu wake wa siku nyingi, Waswahili, Wanubi, Wahindi na Wajaluo wenyewe. Sebuleni tulikuwa watu wanane au tisa: wanawe na rafiki zao, mvuvi mmoja jirani, na bibi mmoja wa nyumba ya pili ambaye kila mtu pale humwita Dani, yaani nyanya.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuiona huko. Wajaluo na Wadinka ni watu wa asili moja ya Kiniloti, na masimulizi ya Wajaluo wenyewe yanawatoa upande wa Bahr el Ghazal. Lugha zao zimeachana kiasi cha kutosikilizana, lakini maneno mengine yangali ndugu. Maji kwa Mjaluo ni pi, kwa Mdinka ni piu. Sehemu ya mazungumzo ya filamu ni ya Kidinka, na Dani alipolisikia jina Nyagak alitikisa kichwa. Kwa sikio lake nya ni binti, na agak ni kunguru. "Huyo ni mtoto wa huku," akasema, na tangu hapo akaitazama filamu kama anayetazama habari za ukoo wake.

Vijana nao walianza kwa kucheka. Wamelelewa na filamu zenye msimulizi, za akina DJ Afro, ambazo mwigizaji wa Kichina au wa Kihindi huzungumzishwa Kiswahili cha mtaani na kupewa jina la utani. Kitu kilipokwaruza ukutani mmoja wao akasema kumbe na Ulaya kuna jajuok, yaani yule mkimbiaji wa usiku anayerusha mawe juu ya mabati ya watu. Na kwa kweli nusu ya kwanza ya filamu iliwastahili kicheko chao. Weekes anatumia hila za sokoni: kimya kirefu, kisha mlio wa ghafla na uso unaochomoza gizani. Hila hiyo humshtua mtu kama anavyoshtuka sahani ikianguka jikoni. Kushtuka na kuogopa ni mambo mawili, na aliyeshtuka mara tatu ya nne hucheka.

Kicheko kilikoma kwenye meza ya chakula. Bol ameketi peke yake anakula. Kamera inarudi nyuma taratibu, na tunaona kwamba kuta hazipo. Kile kipande cha jikoni, na meza, na mtu mwenye kijiko mkononi, vinaelea katikati ya bahari. Kisha waliozama wanaanza kutoka majini, polepole, bila kelele yoyote, wakimwendea.

Mvuvi akasema, "Maalim, huku hatuchezi na maji." Hakuna aliyemjibu.

WALIOZAMA

Lazima msomaji wa pwani alielewe neno lile la mvuvi, kwani ndipo ilipo nguvu ya filamu hii. Kwa mila ya Kijaluo, maiti hurudishwa nyumbani kuzikwa, na asiyezikwa anapostahili huacha wasiwasi kwa walio hai. Si hadithi za bibi tu. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi, Desemba 1986, mjane wake na ukoo wa Umira Kager walishindana mahakamani kwa miezi mitano juu ya mahali pa kumzika, na miongoni mwa mambo yaliyosemwa mbele ya majaji ni hofu ya roho ya marehemu kuwaandama jamaa zake. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Roho yenye madai ya namna hiyo Wajaluo huiita jachien. Haimwandami mtu yeyote tu. Humjua mtu wake na jambo alilomtenda.

Sasa ziwa likimchukua mtu na lisimrudishe, itakuwaje? Hapo Kisian na fukwe zote za ghuba ile, hadi Homa Bay na Mbita, watu wamelifikiria swali hilo kwa machungu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Hayo ni ya upande wa Tanzania, lakini maji ni yale yale, na mashua ndogo zinazopotea na mtu wawili au watatu haziandikwi magazetini.

Na sisi je? Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na kuua watu 272, wengi wao wakienda kazini asubuhi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, na kuna nyumba za Pemba ambazo hadi leo hazijapata hata kaburi la kuonyesha. Lakini imani yetu juu ya waliozama ni nyingine. Tumefundishwa kwamba anayekufa kwa kuzama ni katika mashahidi. Tumefundishwa pia kwamba baina ya aliyekufa na dunia kuna barzakh, na kwamba maiti harudi kugonga milango ya watu. Basi Muislamu wa pwani akimwona mtoto aliyezama anachungulia tunduni mwa ukuta, hasemi "maskini amerudi." Husema: huyo siye. Hicho ni kitu kilichovaa sura yake.

La kupendeza ni kwamba filamu inasema hivyo hivyo. Rial anamsimulia mumewe kisa cha mtu maskini wa kijijini kwao, mwema, aliyetamani mno kuwa na nyumba. Akaanza kuiba, na siku moja akamwibia mtu wa kando ya mto asijue ni nani. Nyumba ilipokamilika, yule aliyeibiwa akaja kukaa ndani yake, kutani, na akawa ananong'ona mpaka mwenye nyumba akaisha. Rial anamwita apeth, na anaamini kwamba amewafuata kutoka baharini. Huyo apeth ndiye anayewaonyesha sura za waliozama. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiislamu hahitaji kuiweka dini yake mlangoni ili aogope. Anaweza kuogopa akiwa nayo.

Hapa nitoe kasoro ndogo. Apeth wa Wadinka, kama alivyoelezwa na Godfrey Lienhardt, Mwingereza aliyekaa nao na kuandika habari zao, si kiumbe cha mtoni wala hana ngozi kama maiti. Ni mtu, mchawi, mwenye jicho baya, anayeweza kuwa jirani yako. Watengenezaji wa filamu wamemgeuza zimwi, na zimwi lenyewe linapojitokeza mwishoni, likiigizwa na Mhispania Javier Botet mwenye mwili mwembamba mrefu, lilinitisha kidogo kuliko lilipokuwa sauti ukutani. Ingekuwaje kama apeth angekuwa na sura ya karani? Lakini hiyo ni filamu nyingine.

SWALI LA DANI

Asiyetaka kuambiwa siri ya filamu na aziruke aya tatu zinazofuata, ingawa sidhani siri hiyo itamharibia raha.

Rial anafanikiwa kutoka nje, na mlango unamfungulia kwao, Sudan Kusini, baina ya wanawake anaowajua. Ni hapo tunapoonyeshwa lililotokea kweli. Siku ya mauaji, basi lilikuwa linaondoka na watu waliosalimika, na nafasi zilizobaki wanapewa wenye watoto. Bol na Rial hawana mtoto. Bol anamwona msichana katikati ya fujo, anamshika mkono, anamwinua na kusema huyu ni binti yetu. Wanapanda. Basi linang'oka. Nyuma yake mwanamke anakimbia vumbini akilia jina la mtoto wake.

Vijana walinyamaza. Mwenyeji wangu akasema taratibu, "La haula." Na Dani, ambaye Kiingereza cha filamu hakikuwa kikimfikia sawasawa lakini hilo lilimfikia, akauliza, "Sasa mamake mtoto ako wapi?"

Nilidhani filamu itamjibu. Haikumjibu. Apeth anataka alipwe: Bol akimpa mwili wake, Nyagak atarudi. Bol anakubali, anajikata mkono, anajitoa. Katika dakika ya mwisho Rial anamchinja apeth kwa kisu na kumwokoa mumewe. Baadaye karani anakuja kukagua, anakuta kuta zimezibwa na kupakwa rangi, na wenye nyumba wanamwambia kwamba mizuka yao haikuondoka ila wamekubali kuishi nayo. Picha ya mwisho inawaonyesha wamesimama chumbani, na nyuma yao wamejaa wafu wote, na Nyagak miongoni mwao.

Nilisema tangu mwanzo kwamba filamu hii haimtulizi mtu, na nashikilia hapo. Wanaoipenda watasema kwamba mwisho huo ni wa kweli, kwa kuwa mtu hasafiri bila waliomfia. Ni maneno ya haki kwa wafu. Lakini yule mama si katika wafu, au angalau hatukuonyeshwa kufa kwake. Chuoni tulifundishwa masharti ya toba tungali wadogo, na wengi wetu tunayakumbuka hata kama mengine tumeyasahau: uliache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mja, uirudishe kwa mwenyewe au umwombe radhi. Mola husamehe iliyo haki Yake. Iliyo haki ya mja hungoja mja. Bol ameliacha kosa kwa kuwa hana njia ya kulirudia. Amejuta hadi kuivunja nyumba. Na alikuwa tayari kutoa nyama yake. Aliyetaka kumlipa ni nani, hata hivyo? Ni apeth. Naye apeth si mwenye mtoto. Ni kama mtu aliyechukua amana ya jirani ikapotea, kisha akaenda kumlipa mganga.

Ninachokitaka si kikubwa. Sitaki Bol arudi vitani kumtafuta mama wa watu, wala sitaki afungwe. Ningetaka mara moja tu, katika ile nusu saa ya mwisho, mmoja wao amtaje. Aulize jina lake. Kambi ya Kakuma kwetu Kenya ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wa Sudan waliokuja peke yao bila wazazi, kwa maelfu, na huko nyuma yao walibaki mama ambao hawakujua mtoto yuko hai au la. Kenya tunajua kwamba mama wa namna hiyo hasahau. Filamu iliyothubutu kutuonyesha mama anakimbia nyuma ya basi ilijitwika mzigo, kisha ikautua njiani.

Baada ya filamu mvuvi alitupa kisa cha huko, cha Nyamgondho mwana wa Ombare wa Gwassi, ambacho kila mtoto wa ziwa anakijua. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ukatoa ajuza. Akataka kumtupa, ajuza akamsihi, akamchukua nyumbani akawa mkewe. Tangu siku hiyo zizi likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akaoa wengine, akanywa pombe, na usiku mmoja akarudi amelewa akakuta lango limefungwa, akamtukana ajuza mbele ya watu kwamba alimwokota ziwani. Ajuza hakusema neno. Alfajiri akatoka akashika njia ya ziwa, na ng'ombe wote wakamfuata, na mbuzi, na kondoo, na kuku, wote wakaingia majini. Nyamgondho akasimama ufukweni akiegemea fimbo yake, na huko Gwassi wanaonyesha mti ambao ndiye yeye.

Tazama namna kisa hicho kilivyonyooka. Kilichotoka majini kimerudi majini, mwenye mali ameichukua mwenyewe, na hakuna kisu kinachoweza kuingia hapo. Nikawauliza vijana kwa nini hawakitengenezi filamu, maana leo mtu hupiga picha kwa simu na kompyuta ya rafiki. Watanzania walijaribu mapema: Mussa Banzi alitoa Shumileta mwaka 2005, kisa cha jini wa kike, kwa vifaa vya kubabaisha, na watu wakaitafuta. Wakajibu kwamba hadithi wanayo, ajuza wanaye, na ziwa ndilo hilo. Hawana ng'ombe wa kuingiza majini. Mvuvi akasema yeye anao wawili, ila hawapendi maji.

Nirudi kwenye swali. Je, His House imefaulu? Kwa kutisha, imefaulu tangu ile meza ya chakula hadi lile basi, na hicho ni kipande ambacho sikuona filamu nyingi za aina hii kukifikia. Sope Dirisu, aliye Bol, anaigiza vizuri mtu anayetabasamu kwa sababu ameambiwa atabasamu. Mosaku ni bora zaidi yake. Ana namna ya kukaa chini sakafuni na kula kwa mkono huku mumewe ameng'ang'ania uma, ambayo inaeleza ndoa nzima bila neno. Matt Smith, karani, hakufanywa mtu mbaya, ni mtu aliyechoka, na nadhani hilo limemfanya awe wa kuogopesha zaidi. Sinners ina fedha nyingi, muziki na moto, na sharti lake la mashetani wanyonya damu ambao hawaingii ndani mpaka wakaribishwe ni zuri. Lakini huko wabaya wamesimama nje na wema wako ndani. Hapa kilichoingia kina hoja. Ndiyo sababu nakiogopa.

Kwa mwisho wake haikufaulu, au tuseme imefaulu nusu, na kosa halikuwa la ujuzi. Ni la hesabu. Mtu anaweza kuitazama mara mbili, kama nilivyofanya, na mara ya pili akajikuta haangalii tena ukutani bali anaangalia vumbi lile nyuma ya basi.

Filamu ina urefu wa saa moja na nusu na kidogo, ni ya Kiingereza na Kidinka, na wenye Netflix wataipata huko. Damu si nyingi ila mwishoni. Hakuna uchafu wa mapenzi wa kumfanya mtu aone haya mbele ya wakwe. Watoto wadogo walazwe kwanza, na wanaoishi na mtu aliyepotewa na mtoto baharini wafikiri mara mbili kabla ya kumwita sebuleni.